Sondre Norheim, Maskini Aliyefunga Kisigino

Enyi wanafunzi, mtoto aliyezaliwa Unguja ajua kuteleza kwa namna nyingi. Wakati wa masika huona jinsi udongo wa njiani unavyomwangusha mtu aliyejitwika ndoo ya maji. Tena watoto wa mashamba huchukua karara la mnazi, wakalikalia, wakashuka nalo mteremkoni kwa vicheko. Lakini kuteleza juu ya theluji hakujui, kwa kuwa theluji haijapata kuanguka katika kisiwa chetu. Barafu aijua, maana huiona sokoni Darajani juu ya samaki. Ila barafu ya sokoni ni ngumu kama jiwe, na theluji ni laini kama unga wa mchele uliochungwa.

Theluji hushuka kutoka mawinguni kama mvua, lakini hushuka polepole, wala haina kishindo. Hulundikana juu ya mapaa na mashamba, hata njia zisionekane. Katika Afrika ya Mashariki hupatikana juu ya milima mirefu tu, kama Kilimanjaro, ambao kilele chake cha Kibo kimefika mita 5,895 juu ya bahari. Lakini katika nchi za kaskazini ya Ulaya theluji huanguka mpaka mabondeni wakaapo watu, ikadumu miezi mingi. Mtu akitaka kwenda kwa jirani yake huzama mpaka magotini, na pengine mpaka kiunoni. Kwa sababu hiyo watu wa huko, tangu maelfu ya miaka, walijifunza kufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, zilizopindwa ncha kwa mbele kama omo ya mtumbwi. Mbao hizo huitwa skii. Mwenye kuzivaa hazami, kwa kuwa uzito wake hutawanyika juu ya mbao, naye huteleza juu ya theluji kama ngalawa juu ya maji.

Katika nchi ya Norwe, kwenye jimbo la milima liitwalo Telemark, kuna bonde dogo liitwalo Morgedal. Hapo ndipo alipozaliwa Sondre, tarehe 10 Juni, mwaka 1825. Jina lake kamili lilikuwa Sondre Auverson, maana yake Sondre mwana wa Auver, kama sisi tunavyosema Juma bin Ali. Jina la Norheim alilipata baadaye, kwa sababu ya mahali alipokaa. Na kwa jina hilo ulimwengu unamjua mpaka leo.

Wazazi wake walikuwa maskini. Hawakuwa na ardhi yao wenyewe, bali walikaa katika ardhi ya mtu mwingine. Mwenye shamba aliwapa watu wa namna hiyo kibanda na kipande kidogo cha kulima, nao walilipa kwa kumfanyia kazi siku kadha wa kadha. Sisi wa Unguja tunaelewa jambo hili bila kuelezwa sana, maana zamani wako wengi waliokaa katika mashamba ya karafuu ya wengine, wakapanda muhogo wao chini ya miti isiyo yao. Mtu wa hali hiyo hana hakika ya kesho. Sondre alizaliwa katika hali hiyo, akaoa katika hali hiyo, akalea watoto wengi katika hali hiyo. Tena alihama mara nyingi kutoka kibanda hata kibanda.

Hata hivyo mtoto wa maskini katika Morgedal alikuwa na kitu kimoja sawasawa na mtoto wa tajiri, nacho ni mlima. Theluji haikuuliza mwenye kupita ni mwana wa nani. Sondre alipenda mbao za kutelezea kuliko michezo yote. Tangu utoto wake alipanda mlimani na kushuka, akapanda tena na kushuka, hata giza likaingia. Alitafuta vilima vidogo ili arukie hewani, na mahali penye miti na mawe ili ajifunze kupita katikati bila kujigonga.

Lakini kulikuwa na taabu moja iliyowasumbua wote walioteleza wakati ule, nayo ilikuwa katika kufunga. Ili mpate kuielewa, fikirini mtalawanda, kile kiatu cha mti ambacho watu wetu huvaa kwenda kisimani na kutawadha. Mtalawanda una msuruaki tu, ambao mtu huubana kwa vidole vyake viwili. Kisigino hakikufungwa na kitu cho chote. Ukienda nao polepole juu ya sakafu, ni kiatu kizuri. Lakini jaribu kukimbia nao, au kuruka mfereji, au kugeuka kwa ghafula! Mtalawanda utakwenda upande wake, na wewe utakwenda upande wako, na mwisho wake ni kuanguka.

Basi mbao za zamani zilikuwa vivyo hivyo. Mtu alipitisha vidole vya mguu ndani ya ukanda mmoja, na kisigino kilikaa wazi kabisa. Kwa kwenda juu ya tambarare ulitosha. Lakini katika mteremko mkali mguu ulicheza upande huu na upande huu, wala mtu hakuweza kuielekeza mbao kwa nguvu. Na mtu aliporuka, mbao zilimtoka miguuni angali hewani. Kwa hiyo watu wengi walishuka kwa hofu, wameshika fimbo moja ndefu, wakiiegemea kwa uzito wao wote ili kupunguza mwendo, kama mwenye ngalawa aburuzaye upondo chini. Walioanguka waliona kwamba ndiyo kawaida ya theluji, maana baba zao walianguka vilevile.

Sondre hakuridhika na jambo hilo. Alikuwa na mikono ya fundi. Alijua kazi ya useremala, tena alichonga mbao zake mwenyewe. Alitafakari, akaona kwamba kosa halikuwa la theluji wala la mlima, bali la ukanda. Basi akatwaa mizizi ya mti uitwao birchi, akaisokota ikiwa mibichi hata ikawa migumu na yenye kunepa. Akaizungusha kutoka mbele ya mguu mpaka nyuma ya kisigino, ikashika kiatu barabara. Hapakuwa na chuma wala kitu cha kununua dukani. Wazee wetu wa pwani walishona mitepe kwa kamba za nazi bila ya msumari, na vyombo hivyo vilihimili bahari kuu. Naye Sondre alifunga mbao zake kwa mizizi iliyoota nyuma ya nyumba yake, na mbao hizo zilihimili mlima.

Sasa angalieni vema jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yote. Sondre alikishika kisigino, lakini hakukifunga kikakwama. Mzizi ule ulizuia mguu usichomoke wala usicheze upande. Lakini kisigino kiliweza kuinuka juu na kushuka tena, kama kisigino cha mtu anayetembea. Kwa hiyo aliweza kupanda mlima, kwenda juu ya tambarare, kuruka na kushuka, yote kwa mbao zile zile. Kama angalikifunga kisigino kabisa, asingaliweza kupanda. Na kama angalikiacha wazi kama zamani, asingaliweza kushuka salama.

Tena aligeuza umbo la mbao zenyewe. Zile za zamani zilikuwa ndefu mno, na ubavu wake umenyooka. Yeye alizifanya fupi zaidi, akazichonga ziwe pana mbele na nyuma, na nyembamba katikati, kama kiuno cha nyigu. Mtu akizilaza kidogo upande mmoja, mbao zenyewe hufuata mviringo wa ubavu wake, zikageuka kwa urahisi. Umbo hilo halikutupwa mpaka leo. Mbao zinazotengenezwa viwandani siku hizi bado zina kiuno hicho.

Kwa vyombo hivyo Sondre alitimiza namna ya kugeuka ambayo baadaye iliitwa kwa jina la jimbo lake, Telemark. Namna yenyewe ni hii. Mtu anayeshuka, akitaka kugeuka upande wa kushoto, husukuma mguu wa kulia mbele, na wa kushoto huuacha nyuma. Hukunja magoti yote mawili, kama mtu atakaye kupiga goti moja, na kisigino cha mguu wa nyuma huinuka. Hapo mbao mbili huwa kama mbao moja ndefu iliyopindika, nazo humchukua kwa mviringo mzuri. Akitaka kugeuka kulia, hubadilisha miguu. Akitaka kusimama, hugeuka zaidi hata uso wake uelekee juu ya mlima, na mwendo huisha wenyewe. Fimbo ya kuegemea haina kazi tena.

Mwenye kuanza hawezi kufanya hayo siku ya kwanza. Kwanza hutembea juu ya tambarare, apate kuzoea urefu wa mbao zake. Kisha hushuka mteremko mdogo ulio na mwisho mpana, ili mwendo uishe bila kizuizi. Hujifunza kuanguka kwa ubavu, na kuinuka bila msaada. Hujifunza kukunja magoti papo alipo, mguu huu mbele na huu nyuma, kabla ya kujaribu akiwa katika mwendo. Mara nyingi kosa lake ni kuweka uzito wote juu ya mguu wa mbele, na ule wa nyuma ukaburuzwa kama mkia. Imempasa kukanyaga kwa miguu yote miwili. Na kosa la pili ni kutazama mbao zake badala ya kutazama aendako. Vijana wa Morgedal walijifunza mambo haya kwa kumfuata Sondre mlimani na kuuangalia mwili wake. Hakuwaficha lo lote.

Sifa zake zikaenea bondeni, kisha jimboni. Mwezi wa Februari, mwaka 1868, yalifanyika mashindano makubwa katika mji mkuu wa Norwe, ambao zamani zile uliitwa Christiania, na tangu mwaka 1925 waitwa Oslo. Sondre alikuwa na miaka 42. Alikuwa baba wa watoto wengi, wala hakuwa na nauli. Basi yeye na wenziwe wakafunga mbao zao, wakaenda kwa miguu yao wenyewe juu ya theluji, kupita milima na misitu, mwendo wa siku tatu. Njia ile ni karibu kilomita 200.

Watu wa mjini walikuwa wamezoea kuona washindani wakishuka kwa kuegemea fimbo zao, wakienda kwa woga. Mara wakamwona mtu mzima wa shamba, amevaa nguo za kimaskini, akishuka kwa kasi bila kuegemea kitu. Aliruka hewani na mbao zake zikabaki miguuni. Akatua mguu mmoja mbele na magoti yamekunjwa, akageuka, akasimama mahali alipotaka. Walioshindana naye wengi walikuwa vijana, naye akawashinda wote. Magazeti yakaandika habari zake, na watu wa mjini wakaanza kuiga namna ya Telemark.

Pengine mtafikiri kwamba tangu siku hiyo umaskini wake ulikoma. Sivyo. Sondre alirudi Morgedal kwenye kibanda kile kile, na kazi ile ile ya kufanyia wengine. Sifa zilikuwa nyingi, lakini sifa hazipikiki chunguni. Wanafunzi wake walipata zaidi yake katika mambo ya dunia. Ndugu wawili wa Morgedal, Torjus na Mikkel Hemmestveit, waliojifunza kwake, walikwenda Christiania, na mwaka 1881 wakafungua huko shule ya kwanza ya kufundisha kuteleza. Hivyo elimu iliyoanza kwa mzizi wa mti nyuma ya kibanda ikawa somo la watu wa mjini.

Siku zile watu wengi wa Norwe walihamia Amerika, kwa kuwa habari zilifika kwamba huko ardhi yapatikana kwa mtu ye yote aliye tayari kuilima. Mwaka 1884, akikaribia miaka sitini, Sondre aliondoka na mkewe Rannei pamoja na baadhi ya watoto wao, wakavuka bahari kwa meli. Walikaa kwanza Minnesota, kisha wakaenda Dakota ya Kaskazini. Mtu ambaye tangu kuzaliwa hakuwa na ardhi yake, sasa akawa na shamba.

Lakini tazameni mambo ya dunia! Alipokosa ardhi alikuwa na milima. Na alipopata ardhi, milima hapakuwa nayo. Nchi ile ya Dakota ni tambarare tupu, nyasi mpaka upeo wa macho. Theluji ilianguka kwa wingi, lakini mteremko wa kushukia haukuwapo. Walioishi karibu naye walisimulia kwamba sikuzote aliziweka mbao zake zimesimama mlangoni mwa nyumba yake, kana kwamba siku yo yote angeweza kuitwa kwenda mlimani. Hakurudi Norwe tena. Alilima shamba lake, akasaidia kujenga kanisa la wahamiaji wenzake, akazeeka. Alifariki mwezi wa Machi, mwaka 1897, naye ana miaka 71. Akazikwa Denbigh, katika Dakota hiyo hiyo, na juu ya kaburi lake hapakuwekwa jiwe lenye jina.

Miaka mingi ikapita. Katika nchi za milima ya Ulaya watu walibuni namna nyingine, ambayo kisigino hufungwa kabisa juu ya mbao. Ni namna nzuri ya kushuka kwa kasi, tena ni rahisi zaidi kwa mwenye kuanza, nayo ikapendwa sana, hasa mashine za kuwapandisha watu mlimani zilipopatikana. Namna ya Sondre ikakaribia kusahauliwa. Lakini katika miaka ya 1970 vijana wa jimbo la Colorado, katika Amerika, walichoka kungojea mashine. Walitaka kupanda wenyewe mahali pasipo na njia, kisha kushuka. Wakarudia kisigino kilicho huru na kugeuka kwa goti lililokunjwa, na mchezo ule ukafufuka na kuenea tena. Tena hata siku hizi, katika mashindano ya kuruka kwa skii, mwenye kutua na mguu mmoja mbele husemwa ametua Telemark, na waamuzi humtazama kwa jambo hilo.

Wala jina lake halikupotea pamoja na kaburi lake. Mwaka 1952, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika Oslo, moto wa michezo uliwashwa katika meko ya nyumba aliyozaliwa Sondre huko Morgedal, ukachukuliwa na watu wenye mbao miguuni mpaka mjini. Mwaka 1960, michezo ilipofanyika Amerika, moto uliwashwa tena katika meko yale yale. Na mwaka 1966 jiwe la ukumbusho likawekwa makaburini Denbigh, karibu miaka sabini baada ya kufa kwake. Kibanda cha mtu asiye na ardhi ndicho kilichotoa moto kwa ajili ya mataifa.

Msidhani kwamba habari hizi hazituhusu sisi. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda mpaka kilele cha Kibo, wakatumia skii katika kushuka. Hivyo mbao za theluji zilikwisha kugusa Kilimanjaro zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Barafu moja ya Kibo ikaitwa kwa jina la Furtwängler, nayo imepungua sana tangu siku zile, kwa kuwa dunia inazidi kupata joto.

Tena mwaka 1998 Mkenya aitwaye Philip Boit alishindana katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Alikuwa mkimbiaji, na hakupata kusimama juu ya theluji kabla ya mwaka 1996, alipokwenda Ufini kujifunza. Alishindana katika mwendo wa kilomita 10 kwa mbao zenye kisigino huru, akaanguka mara nyingi, akafika wa mwisho, yaani wa 92. Mshindi wa kwanza alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwe. Huyu alikuwa amemaliza kitambo, lakini alikataa kwenda kupokea nishani yake mpaka Boit afike. Akamngoja mwishoni mwa njia, akamkumbatia. Mtu wa nchi ya Sondre alijua thamani ya kuanza.

Haya ndiyo maisha ya Sondre Norheim. Hakuacha mali wala kitabu. Aliona jambo dogo ambalo wote walilizoea, ukanda uliolegea, akalitengeneza kwa kitu alichokuwa nacho, kisha akawaonyesha wengine bure. Ninyi nanyi, mtakapoona chombo kinawaangusha watu kila siku, nao wasema ndivyo kilivyo tangu zamani, kitazameni kwa makini mahali kilipofungwa.

Maswali

1. Kwa nini mbao za kutelezea za zamani zilifanana na mtalawanda?
2. Sondre alitumia kitu gani kukishika kisigino, na kwa nini hakukifunga kabisa?
3. Eleza jinsi mtu anavyogeuka upande wa kushoto kwa namna ya Telemark.
4. Ni makosa gani mawili afanyayo mwenye kuanza?
5. Sondre alipata nini Amerika, na alikosa nini?
6. Taja chombo kimoja kitumiwacho nyumbani kwenu ambacho chaweza kutengenezwa vizuri zaidi, na useme ungekitengenezaje.